Hivi "dijitali" maana yake nini hasa? Mbona siku hizi mpaka bucha ni dijitali?

#1 Mkweli_wa_Kiborlon
Habari za jioni wadau. Niko Moshi. Leo kutoka Mbuyuni mpaka nyumbani nimesoma mabango njia nzima: Kinyozi Dijitali, Bucha la Kisasa Mizani Dijitali, Vipimo vya Mwili Mzima kwa Njia ya Dijitali (huyu yuko juu ya duka la dawa za asili, mlangoni kaweka pazia). Muuza miche ya maparachichi naye kaandika dijitali.

Sasa mimi nimenunua redio, boksi lake linasema ni ya dijitali. Shemeji yangu anayejuajua mambo ya umeme kaigeuza, kaitazama, akasema nimepigwa, eti ni redio ya babu imebandikwa namba. Tumebishana mpaka mke wangu akatutoa sebuleni.

Dijitali ni nini? Ni kuwa na namba kwenye kioo? Ni kutumia umeme? Ni intaneti? Au ni neno la kupandishia bei tu?

#2 Chalii_Ngarenaro
Dijitali ni kitu chochote ambacho dingi hawezi kukiwasha bila kukupigia simu. Uzi ufungwe.

#3 MamaKihamba
Ni kisasa tu, msijisumbue. Zamani kila kizuri kilikuwa "cha kizungu": kuku wa kizungu, dawa ya kizungu. Ikaja "ya kompyuta", mkakumbuka hata picha za pasipoti zilikuwa "za kompyuta". Sasa ni dijitali. Kesho watapata jingine.

#4 Fundi_Sakina
Mleta uzi, shemeji yako kapatia nusu.

Mawimbi ya FM tunayosikiliza hapa, kuanzia 87.5 mpaka 108 megahezi, ni analogia. Redio yoyote utakayonunua Moshi au Arusha inapokea mawimbi hayohayo. Kwa hiyo neno lile kwenye boksi halizungumzii matangazo, linazungumzia namna redio inavyotafuta stesheni.

Redio za zamani ukizungusha kitufe kuna uzi mwembamba unavuta mshale pembeni. Ule uzi ukikatika ndipo mlipokuwa mnatuletea. Za sasa nyingi zinaruka hatua kwa hatua: 91.1, 91.2, 91.3. Hapo ndipo wanaposema dijitali, na si uongo. Ila ziko nyingine ndani ni za kuzungusha kama za zamani, kisha wamepachika kasaketi ka kuhesabu masafa na kukuonyesha namba. Hizo ndizo anazosema shemeji.

Kuzitofautisha ni rahisi. Iwashe ikiwa baridi, tafuta stesheni, iache bila kuigusa. Ikishapata joto, kama namba inahama yenyewe, mfano ilikuwa 91.2 ikawa inachezacheza 91.3, ujue ni analogia imevaa miwani ya dijitali.

#5 MwalimuTarakimu
Asante Fundi. Niongezee upande wa lugha maana swali lilikuwa la maana ya neno.

Kwa Kilatini "digitus" ni kidole. Watu walihesabia vidole, kwa hiyo zile namba 0 mpaka 9 zikaitwa hivyo hivyo kwa Kiingereza. Waarabu wao kwa dijitali wanasema "raqmi", na sisi kutoka familia hiyohiyo tunalo neno tarakimu. Yaani tungetaka tungesema "redio ya tarakimu" na kila mtu angeelewa.

Maana yake ya kitaalamu ni nyembamba sana: taarifa iliyowekwa kwa namba zinazohesabika, kwa kawaida 0 na 1. Analogia ni kitu kinachopanda na kushuka bila kukatika, kama mteremko. Dijitali ni ngazi. Kwenye mteremko unaweza kusimama popote, kwenye ngazi ni kidato hiki au kile. Kisasa hakimo humo. Wala umeme.

#6 Chalii_Ngarenaro
Mwalimu umetuingiza darasani Ijumaa jioni 😂

#7 ShangaziUsaRiver
Mwalimu nisaidie. Kwa maelezo yako saa ya Casio ya mwanangu ni dijitali, inaruka 10:41 kwenda 10:42. Saa yangu ya mishale ya betri je? Hiyo ni analogia?

#8 MwalimuTarakimu
Ndiyo dada, ya mishale ni analogia.

#9 FundiSaa_Mjini
Hapana mwalimu, hapo nakupinga. Saa ya betri ya mishale, uso wake ni analogia, tumbo lake ni dijitali. Ndani kuna fuwele ya kwatzi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa hovyo. Igawe kwa mbili, igawe tena, ukifika mara ya 15 unapata 1. Saketi ndani inafanya kazi hiyo ya kugawa, halafu kila sekunde inasukuma gia hatua moja. Ndiyo maana mshale wa sekunde unadunda badala ya kuteleza. Huko ni kuhesabu kutupu.

Seiko walitoa ya kwanza ya mkononi ya aina hiyo siku ya Krismasi 1969. Ile ya kwanza ya mkononi ya kuonyesha namba, Pulsar, ilikuja 1972 na iliuzwa dola 2,100. Wakati huo ungepata gari kwa hela hiyo.

#10 MpareUgweno
Fundi saa, basi na ile ya kujaza kwa ufunguo nayo ni dijitali. Inakwenda tik, tik, tik. Nayo ni hatua.

#11 FundiSaa_Mjini
😂😂 Mpare unataka kesi. Ile inadunda ndiyo, lakini hakuna namba inayohesabiwa humo.

#12 MpareUgweno
Meno ya gia yanahesabu nini kama si namba? Gia ina meno 60 au haina?
Na bao je? Mashimo 32, kete 64, hakuna nusu kete. Wazee wetu walikuwa dijitali kabla ya umeme kufika. Naomba jibu la maandishi.

#13 MamaKihamba
Mpare akishaomba jibu la maandishi jueni tutakutana mahakama ya mwanzo.

#14 DadaRadiolojia
Mimi napiga picha za eksirei, hospitali siitaji. Kwetu neno hili lina maana kabisa, si pambo.

Zamani filamu ilipelekwa chumba cha giza, inachovywa kwenye kemikali, inaanikwa kama nguo. Ikitoka nyeusi mno au nyeupe mno, mgonjwa anapigwa tena, mionzi tena. Sasa zipo za aina mbili na zote zinaitwa dijitali. Moja bado ina kaseti, ndani ina bamba ambalo unalipeleka kwenye mashine inalisoma kwa leza. Nyingine bamba limeunganishwa na kompyuta, ukipiga tu, sekunde chache picha iko mbele yako. Mwanga wa picha unaurekebisha kwenye kioo bila kumrudia mgonjwa. Hiyo ndiyo faida.

Sasa wagonjwa wanakuja na swali moja: "Hii ni ya dijitali?" Nikisema ndiyo, wanatulia. Hakuna aliyewahi kuniuliza nani anaisoma hiyo picha, na hapo ndipo penye ugonjwa kuonekana au kupitwa.

Na mleta uzi, yule wa nyuma ya pazia kama anakushikisha kichuma mkononi kisha printa inatoa kurasa za ini, figo, macho na nyota yako, hicho kichuma hakioni ini la mtu. Kuwa na skrini hakukifanyi kuwa kipimo.

#15 Mkweli_wa_Kiborlon
Dada umenigusa, mama mkwe alipewa kurasa kama hizo zimebanwa na stepla, kaambiwa "uwezo wa kongosho" uko chini. Akauziwa na dawa hapohapo.

#16 RomboMashati
Ninyi mnatoka mbali. Sisi watu wa kawaida neno hili tulilisikia walipotuzimia TV za analogia. 2012 hiyo. Kabla ya hapo nani alikuwa anasema dijitali?

#17 Mzee_wa_Soweto_Moshi
Rombo, 2012 ni Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba. Sisi Arusha na Moshi tulizimiwa mwisho wa Machi 2013. Nakumbuka Dodoma, Tanga na Mwanza walitutangulia. Nchi za Afrika na Ulaya zilikuwa zimepewa mpaka Juni 2015 kuhama, Tanzania tukawahi.

#18 RomboMashati
Sawa mzee. Ila Rombo huku tulikuwa tunashika TV za Kenya kwa antena ya mbavu za samaki, zikaendelea mpaka wao nao walipozimiwa Februari 2015. Kwa hiyo sisi tumekuwa analogia kwa miaka miwili zaidi yenu na tulifurahi sana.

#19 Kinyozi_UngaLtd
Mimi ndiye kinyozi dijitali mnayemcheka, ila wa Arusha, Unga Limited. Niwaambie jina lilikotoka. Machi 2013 wamezima, mtaani kwetu nilikuwa na king'amuzi mimi na mwenye baa tu. Baa watoto hawaingii. Jumamosi za mpira kijiwe changu kinajaa, mtu ananyolewa huku kageuza shingo anaangalia TV, nimekata watu masikio siku zile! Wakawa wanasema "twende kwa yule kinyozi wa dijitali". Nikaliandika ukutani. Mashine yangu ya kunyolea ni ileile ya kawaida, inapiga kelele kama pikipiki.

#20 Chalii_Ngarenaro
Kaka wewe ulininyoa utotoni, nina alama mpaka leo 😂

#21 MwalimuTarakimu
Kinyozi kanifurahisha. Hapo neno limefuata king'amuzi likaingia saluni. Nadhani mabango mengi yana asili hiyo. Ule mwaka kampeni ilikuwa kila kona, "dijitali" ikawa sifa ya mtu aliyewahi na "analogia" tusi la aliyechelewa.

#22 Mzee_wa_Soweto_Moshi
Mjukuu wangu kaniita analogia kwa sababu nataka risiti ya karatasi. Nikamwambia analogia ndiyo iliyomsomesha baba yako.

#23 Kisongo_Junior
Mwalimu mimi naona tusi lilitoka Kenya. Uchaguzi wao wa Machi 2013, Uhuru na Ruto walijiita timu dijitali, Raila akabandikwa analogia. Huku mpakani redio zao tunazisikia, likavuka Namanga kama mitumba.

#24 RomboMashati
Sisi tumelisikia pande zote mbili, wala hatukumbuki lipi lilitangulia.

#25 Fundi_Sakina
Kuhusu TV, niwape tofauti ambayo kila mtu aliiona kwa macho yake bila kuambiwa. TV ya analogia mawimbi yakiwa dhaifu ilikuwa inatoa chenga. Picha ipo, unamwona mtangazaji kama yuko kwenye mvua, unamtuma mtoto nje ashike nguzo, "hapo hapo, usiachie!" Ya dijitali haina chenga. Ama picha safi, ama vipande vya mraba, sauti inakwama, halafu kioo cheusi. Mpokeaji akishindwa kutambua sifuri ni ipi na moja ni ipi, hana cha kukuonyesha. Ndiyo ile ngazi ya mwalimu, umekosa kidato umeanguka.

Na sababu ya serikali nyingi kuhama si uzuri wa picha peke yake. Chaneli moja ya analogia ilikula nafasi hewani ambayo dijitali inaingiza stesheni nyingi. Nafasi iliyobaki ndiyo hii mnatumia kwa intaneti ya simu.

#26 DJ_Mstaafu_Chuga
Fundi hapo sawa, lakini kwenye muziki msinidanganye. Kaseti na sahani za santuri zilikuwa na joto. CD ilipokuja (1982) wakaukata muziki vipande 44,100 kwa sekunde, halafu mnaniambia ni bora? Kati ya kipande na kipande wameweka nini?

#27 Fundi_Sakina
DJ, sikio la binadamu zima kabisa linaishia masafa ya kama elfu ishirini kwa sekunde. Ukikata zaidi ya mara mbili ya hapo, wimbi lote linarudi kama lilivyokuwa, hakuna kilichopotea katikati. Joto ulilokuwa unalisikia ni mkwaruzo na amplifaya yako iliyoungua.

#28 DJ_Mstaafu_Chuga
Sikubali na sitakubali.

#29 Kahawa_Kibosho
Tumeacha mizani. Hili ndilo linaloumiza mkulima. Miaka ile tunapima kahawa kwa mizani ya mshale, kila mtu anaona mshale ulipolala. Leo mnunuzi anakuja na ya kuning'iniza ya dijitali, namba zinachezacheza 14.35, 14.80, 14.20, yeye anasoma ile anayoipenda. Ukiuliza anasema "mashine haidanganyi, hii ni dijitali".

#30 Dalali_wa_Mawe
Huku kwenye mawe ndiyo usiseme. Karati tano ni gramu moja, na mizani yetu inasoma mpaka sehemu ya mia ya karati. Feni ikiwa inazunguka mezani namba haitulii. Kuna mmoja nilimkuta ameegemea meza kwa kiwiko, jiwe likawa jepesi ghafla. Nikamwambia tupimie sakafuni. Akakasirika, eti simwamini. Kweli, simwamini.

#31 Fundi_Sakina
Kibosho na Dalali, siri ya mizani ya dijitali: kinachopima hasa ni analogia. Ndani kuna kipande cha chuma, mzigo ukikaa kinapinda kidogo sana, kwa jicho huoni. Juu yake kumebandikwa waya mwembamba, ukinyooka ukinzani wake wa umeme unabadilika. Badiliko hilo ndilo linalogeuzwa kuwa namba. Chuma kikichoka, au betri ikiisha, au mtu akiwa amevuruga urekebishaji, utapata namba safi kabisa ya uongo, yenye nukta na sehemu za mia.

Mkipima: kabla ya mzigo ione sifuri. Kile kitufe cha kutoa uzito wa chombo kikibonyezwa wakati mkono uko juu ya sahani, sifuri yako imeshahamishwa. Na tafuta stika ya Wakala wa Vipimo, uone ni ya mwaka huu.

#32 MpareUgweno
Kwa hiyo fundi unakiri dijitali yote mwanzo wake ni analogia. Basi hakuna kitu dijitali duniani. Joto, sauti, uzito, mwanga, vyote vinakuja kwa mteremko, sisi ndio tunavikatakata ngazi.

#33 MwalimuTarakimu
Isipokuwa kete za bao ndugu yangu. Hizo umeshinda.

#34 MpareUgweno
Nimelipiga picha hilo jibu.

#35 Kisongo_Junior
Na LUKU je? Unanunua umeme kwa simu, unapewa tarakimu 20, unazibonyeza. Hapo nadhani hakuna ubishi.

#36 MamaKihamba
Hapo dijitali ni kidole changu kinachobonyeza namba gizani nakosea ya kumi na tisa. Mwalimu si kasema ni kidole?

#37 Mkweli_wa_Kiborlon
Nimerudi. Nimefanya kipimo cha Fundi (namba 4). Nimeiwasha ikiwa baridi, nikaiacha kwenye stesheni mpaka ikapata joto. Namba haikuhama hata kidogo. Shemeji kanuna. Kwa hiyo ni dijitali?

#38 Fundi_Sakina
Ni ya kutafuta stesheni kwa hatua. Hujapigwa.

#39 Kijana_wa_Njiro_IT
Ngoja kwanza Fundi. Redio nyingi za bei ndogo siku hizi zina chipu moja tu ndani, hata za gurudumu. Ile chipu inachukua wimbi la FM, inaligeuza kuwa namba, inalisafisha kwa hesabu, halafu inalirudisha kuwa sauti. Hiyo ni zaidi ya kuruka hatua, kazi yote ya katikati ni dijitali. Na zile za gurudumu zenye chipu hiyo, namba nayo haihami. Kipimo chako kilikuwa cha redio za zamani kidogo.

#40 Fundi_Sakina
Chipu hizo nazijua, nimezibadilisha nyingi. Lakini mawimbi yanayoingia bado ni analogia na spika inayotoa bado ni analogia. Katikati kuwe na namba au kusiwe, siiiti redio ya dijitali. Redio ya dijitali ni ile ambayo na matangazo yenyewe yamerushwa kwa namba, Uingereza wanazo.

#41 Kijana_wa_Njiro_IT
Kwa kanuni hiyo hata simu yako si dijitali, sauti yako inaingia analogia na inatokea analogia.

#42 Mkweli_wa_Kiborlon
Nyie watu. Nifungue nione chipu?

#43 Fundi_Sakina
Ina garantii?

#44 Mkweli_wa_Kiborlon
Miezi sita.

#45 Fundi_Sakina
Usifungue.

#46 ShangaziUsaRiver
Mimi namuunga mkono MamaKihamba. Ninyi mnaongelea waya, wateja wananunua sifa. Nimeandika "keki dijitali" kwenye bango langu tangu jana, kwa majaribio. Wameshauliza watu bei, hakuna aliyeuliza maana.

#47 DadaRadiolojia
Shangazi 😂 keki ikiungua wape chenga.

#48 RomboMashati
Fundi kabla hujaondoka. King'amuzi changu usiku kinashika vizuri, mchana picha inakuwa vipande. Antena niliipachika kwenye mgrevilea nyuma ya nyumba.

#49 Fundi_Sakina
Mchana kuna upepo na mti unacheza, antena inacheza nao. Itoe mtini, weka bomba la chuma lifungwe ukutani, ielekeze mbali na mlima ukiweza kuuona mnara au walau bonde liwe wazi mbele yake. Angalia na kiungo cha waya, kama kimeingia maji kikate, funga kipya.

#50 RomboMashati
Mke anasema mti ukatwe, mimi nasema hapana, kuna mizinga ya nyuki humo.

#51 Fundi_Sakina
Wewe ulipanda kufunga antena kwenye mti wenye mizinga?

#52 RomboMashati
Usiku ndiyo.